Siku Saba za Kushusha Picha

Sheria inatupa siku saba
kuondoa nyuso zetu kwenye nguzo za taa.
Leo ni ya nne. Mvua ya Leitrim hainyeshi,
inaning'inia tu hewani kama mgeni asiyejua kuaga.
Mimi nimeshika ngazi. Juu yuko kiongozi wa chama,
na koti lile lile alilovaa mbele ya kamera,
koleo mkononi,
anakata kamba za plastiki shingoni mwake mwenyewe.

Nilimwambia, Assumpta, waachie vijana.
Akasema, vijana wako Dablini, wanahesabu.

Kura zilikwisha kuhesabiwa.

Usiku ule, katika ukumbi wa michezo wa shule,
niliegemea uzio na penseli yangu
nikitazama karatasi zikifunuliwa moja moja.
Moja kwa wale. Mbili kwa wale wengine.
Tatu kwa daktari wa mifugo anayegombea peke yake
kwa sababu ya barabara.
Na sisi, meza baada ya meza: nne.
Nne iliyonyooka, ya mwandiko wa adabu.
Saa tisa za usiku, duru ya nane, Dervla akaondolewa,
akakunja skafu yake ya kijani mara nyingi
mpaka ikawa ndogo kama leso.
Tulikuwa na viti kumi na kimoja. Vimebaki vinne,
na kimoja kati ya hivyo ni cha Fergal.

Simu ya Assumpta iko mfukoni mwangu.
Inatetemeka pajani kama panya mtegoni.
Fergal ametoa taarifa: ana imani kamili na kiongozi.
Miaka ishirini na mbili nimeendesha gari la chama hiki,
nimesikia mengi kupitia kioo cha mbele,
na najua imani ikishaitwa kamili
imeanza kuvuja.
Huyu Fergal ndiye aliyefundishwa kufunga tai
kwenye kiti changu cha nyuma, kwa mikono ya huyu aliye juu,
tukiwa tumechelewa kufika Longford,
naye akicheka, akisema, mama yangu hakuwahi kunifunga hivi.

Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Sawa. Mimi niko chini, nangoja,
mikono yote miwili kwenye alumini ya baridi.
Wao pia wanangoja.
Ila hawajashika kitu.

Akapita Concepta wa buchani na mbwa wake kilema.
Akainua uso, akatabasamu kama mtu aliyeleta zawadi:
"Nilikupa nambari nne, mpenzi!"
Kutoka juu, koleo likiwa limeuma kamba:
"Asante, Concepta. Una mwandiko mzuri."
Mbwa akakojolea mguu wa ngazi.
Hakuna aliyemkemea.

Ndani ya trela wamelala Assumpta thelathini na mmoja,
wametazama mawingu,
maji yamejaa kwenye macho ya yule wa mwisho.
Mzee Tuohy anawaomba kwa ajili ya banda la ndama,
upepo unapita mno pale.
"Mpe," amesema. "Sura ziwe ndani.
Angalau ndama wasinione kwa mgongo."
Nilicheka. Yeye hakucheka, au alicheka
na mvua ikachukua.

Nguzo ya mwisho iko darajani.
Amekata kamba ya chini, amekata ya juu,
picha imeniangukia begani, nyepesi, haina uzito wa kitu,
lakini yeye hashuki.
Anautazama mto unavyopita chini ya mawe
bila kumuuliza mtu maoni.

Simu. Jina la Fergal.
Nainyanyua kumwonyesha. Anatikisa kichwa.
"Mwambie niko juu."

"Yuko juu," nikasema.

Kimya kirefu; nyuma yake vikombe, viti vikiburutwa,
sauti za watu niliowahi kuwafikisha nyumbani wamelewa.
Kisha, kwa upole mkubwa:
"Atashuka lini, Phelim?"

Nilitazama buti zake kwenye kipago cha saba.
Tope la kaunti tano.
Nikaiweka simu juu ya ukuta wa daraja, ingali inaongea,
maana ngazi hii
inataka mikono miwili.